Kifaa ni Chako, Ufunguo Uko kwa Nani?

ELIMU KWA UMMA: Vifaa vilivyounganishwa na intaneti nyumbani na kazini

Maduka yaliyo kati ya Luthuli Avenue na River Road yanauza kamera za usalama, runinga zinazoingia mtandaoni zenyewe, saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, balbu zinazowashwa kwa simu na vidude vidogo vya kufuatilia pikipiki. Bei zimeshuka kiasi kwamba hata mwenye kibanda kimoja anaweza kufunga kamera na kuangalia biashara yake akiwa nyumbani. Vifaa hivi vinasaidia. Hata hivyo, vinatofautiana na redio au pasi kwa jambo moja kubwa: huendelea kuwasiliana na watu wengine baada ya mnunuzi kulipa na kuondoka dukani.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:
1. Kueleza jinsi kifaa kilichounganishwa na intaneti kinavyofanya kazi.
2. Kutambua ni nani mwingine anayeweza kukifungua, kukizima au kutazama ndani yake.
3. Kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kununua, na kujua haki zake kisheria.

Intaneti ilivyotufikia

Mwaka 1991, mwanasayansi Mark Weiser wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California, Marekani, aliandika makala akitabiri kwamba kompyuta zitaenea katika vyombo vya kila siku mpaka watu waache kuzitambua. Mwaka 1999 Mwingereza Kevin Ashton akautungia mfumo huo jina ambalo kwa Kiswahili huitwa intaneti ya vitu.

Kwetu Kenya, hadi mwaka 2009 intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na bei ikaanza kushuka. Safaricom ilileta 4G mwishoni mwa mwaka 2014 na kuanza kuwauzia wateja 5G mwezi Oktoba 2022. Airtel ikafuata kwa 5G mwaka 2023, na mwezi Julai mwaka huo huo Starlink ikaanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, waifai ya bei nafuu imefika nyumba za mabati ambazo hapo awali zilitegemea vifurushi vya simu pekee. Serikali ya kitaifa nayo imetangaza mpango wa kujenga kilomita 100,000 za nyaya za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma.

Kwa hivyo swali la miaka ijayo halitakuwa kama intaneti itafika. Itafika sokoni, steji ya matatu, kwenye ngazi za nyumba za kupangisha na hata kwenye mita ya maji. Swali ni nani atashika ufunguo wa vitu vitakavyounganishwa nayo.

Sehemu tatu za kifaa

Kila kifaa kilichounganishwa kina sehemu tatu, ingawa mnunuzi huona moja tu.

Ya kwanza ni kifaa chenyewe: kamera, balbu au mita. Ndani yake mna kompyuta ndogo na redio ndogo.

Ya pili ni njia. Kifaa kinaweza kupitia waifai ya nyumbani, au laini ya simu iliyofichwa ndani yake. Mita na vihisi vingi hutumia redio za nguvu ndogo zinazotuma habari chache kwa mwendo mrefu, ndiyo maana betri moja inaweza kudumu miaka.

Ya tatu ni seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyotengeneza kifaa au inayotoa huduma. Picha ya kamera iliyo darini mwa duka la River Road mara nyingi hupitia ruta, ikaenda kwenye seva ambayo huenda iko nchi nyingine, kisha ikarudi kwenye simu ya mwenye duka aliye Kangemi. Safari hiyo yote huchukua sekunde chache, na mwenye duka hudhani picha imetoka dukani moja kwa moja.

Ikiwa sehemu ziko tatu, basi funguo nazo ni zaidi ya moja.

Ufunguo wa kwanza: neno la siri

Kamera na ruta nyingi hutoka kiwandani na neno la siri linalofanana, kwa mfano "admin" au "12345". Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilitumia udhaifu huo. Ilizunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kamera na ruta, ikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Pale lilipokubalika, Mirai iliingia na kukigeuza kifaa kuwa askari wake. Tarehe 21 Oktoba 2016, vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Mirai ilifutika pale kifaa kilipozimwa na kuwashwa tena, lakini ilirudi upesi ikiwa neno la siri halijabadilishwa. Vijana watatu wa Marekani walikiri makosa mahakamani mwaka 2017 kwa kuitengeneza na kuitumia.

Tangu hapo baadhi ya nchi zimebadilisha sheria. Uingereza, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vyenye neno la siri rahisi la kiwandani, na inamtaka mtengenezaji aseme wazi atakisasisha kifaa kwa muda gani.

Ufunguo wa pili: akaunti ya fundi

Huu ndio ufunguo unaosahaulika zaidi madukani. Tuchukue mfano wa mazungumzo ya kaunta kati ya mwenye duka la nguo na muuzaji wa kamera:

– Kijana, nikiwa nyumbani nitaona duka?
– Utaona mama, hata ukiwa ushago. Fundi wetu atakuja akuwekee kila kitu.
– Atatumia simu ya nani?
– Ataanza na yake, halafu akutumie wewe mwaliko uone.
– Kwa hivyo yeye naye ataendelea kuona?
– Eeh... hilo mama, wateja hawaniulizi.
– Basi mimi nimekuuliza. Aje, lakini afungue kwa simu yangu nikiwa hapo.

Fundi katika mfano huu si mwizi. Anafanya kazi haraka kwa njia aliyoizoea. Lakini akaunti ya kwanza kufunguliwa ndiyo huwa mwenye kifaa machoni pa seva. Wengine wote ni wageni walioalikwa. Fundi akiacha kazi, akipoteza simu au akikosana na mteja, mwenye duka hubaki akiomba ruhusa ya kutazama duka lake mwenyewe. Mama huyu alipata jibu kwa maswali mawili tu.

Ufunguo wa tatu: seva ya kampuni

Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilizima seva za kifaa cha nyumbani kilichoitwa Revolv, ambacho kiliuzwa kwa takriban dola 300. Kifaa hakikuharibika. Kiliwaka taa, lakini hakikuwa na wa kuzungumza naye, kikawa bure.

Vifaa pia huzeeka kwa sababu ambazo haziko machoni. Wakazi wengi wanakumbuka mwaka 2024, wateja wa Kenya Power wenye mita za tokeni walipotakiwa kuingiza namba za ziada kabla ya tokeni yenyewe. Sababu ilikuwa saa iliyo ndani ya mfumo wa tokeni unaotumika nchi nyingi duniani. Saa hiyo ilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa isingepokea tokeni mpya baada ya siku hiyo.

Mita hizo nyingi hazikuwa kwenye intaneti, kwa hivyo vidole vya wateja ndivyo vilivyofanya kazi ya kusasisha. Kamera au ruta iliyo kwenye intaneti inaweza kusasishwa bila mtu kugusa chochote, na hiyo ni faida kubwa. Lakini mtengenezaji akiacha kutuma masasisho, tundu lililogunduliwa leo litabaki wazi hadi siku kifaa kitakapotupwa.

Ufunguo wa nne: malipo

Wakenya wamekuwa wakitumia vifaa vya kulipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya sola nchini mwaka 2012: mteja hutoa amana, kisha hulipa kila siku kwa M-Pesa, na kifaa hujifunga malipo yakikoma. Mwezi Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha mpango wa simu mahiri za mkopo, Lipa Mdogo Mdogo, kwa shilingi 20 kwa siku baada ya amana. Mitungi ya gesi yenye mita inayosoma matumizi nayo imeingia majikoni. Mwaka 2015 Kampuni ya Maji ya Nairobi ilianzisha mashine za kuuza maji kwa kadi mtaani Mathare.

Mipango hii imewafikishia taa, simu, gesi na maji watu ambao wasingeweza kulipa kwa mkupuo. Hata hivyo, ni vyema mnunuzi aelewe anachokubali: mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, kifaa kiko kwake lakini swichi iko kwa mwenzake. Kabla ya kutia sahihi, aulize jumla ya gharama, siku za neema akikwama, na kama kufuli litaondolewa kabisa deni likiisha.

Njia nayo huziba na hukatika

Kifaa kizuri hakina maana njia ikifungwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na majirani zake kwa siku kadhaa. Mwaka 2020 mradi wa Loon, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ulirusha maputo yaliyosambaza 4G katika sehemu za magharibi na katikati mwa nchi. Januari 2021 kampuni mama ilitangaza kuufunga, kwa kuwa haukuonyesha njia ya kujiendesha kibiashara. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wake hapa ulikuwa umejaa.

Ndani ya jengo pia hewa hujaa. Waifai nyingi hutumia masafa mawili, 2.4 na 5. Masafa ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yanayotumiwa na karibu kila kifaa cha bei nafuu. Katika jengo la River Road lenye maduka mengi madogo kila orofa, ruta zote hupiga kelele mahali pamoja, na kamera hukatika mara kwa mara bila kuharibika. Kusogeza ruta, kubadilisha chaneli yake au kuvuta waya kwenye kamera muhimu huleta nafuu bila kununua kifaa kipya.

Kifaa kinachotumia laini ya simu kina swali lake: kinatumia kizazi gani? Nchini Marekani kampuni kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022, na baadhi ya kengele za nyumbani na mifumo ya magari ikapoteza mawasiliano. Anayenunua kifaa cha kufuatilia pikipiki leo, na anayetaka kimtumikie miaka mingi, asisahau kuuliza.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaeleza jinsi ulinzi huo unavyofanya kazi, na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ndiyo inayoisimamia. Chini ya sheria hiyo, mtu ana haki ya kuelezwa data yake inatumiwa kwa nini, kuiona, kupinga matumizi yake, na kutaka irekebishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Data ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Sheria hii inamgusa mwenye kamera na pia anayepigwa picha. Mwenye nyumba anaweza kuweka kamera getini na kwenye ngazi kwa ajili ya usalama. Lakini anapaswa kuwaeleza wapangaji kwamba ipo, aielekeze mahali panapohitaji ulinzi badala ya ndani ya mlango wa mtu, na ajue ni nani anayetazama picha na zinakaa muda gani. Mwenye duka naye aweke tangazo linaloonekana. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinataja kamera za usalama miongoni mwa shughuli ambazo mwenye biashara ndogo asidhani zimesamehewa kusajiliwa. Ni vyema aulize ofisi ya Kamishna.

Faini zipo. Mwaka 2023 Kamishna alitoza klabu moja jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Malalamiko yanayopelekwa kwa Kamishna yanapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Vilevile, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kwamba kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Fundi anayeendelea kuchungulia kamera baada ya kukatazwa ajue hilo.

Mambo ya kufanya

Kabla ya kununua:
• Kuuliza kama kifaa kitafanya kazi intaneti ikikatika, na kitafanya nini hasa. Kamera yenye kadi ya kuhifadhi picha ndani yake huendelea kurekodi.
• Kuuliza kama huduma ina malipo ya kila mwezi.
• Kuuliza mtengenezaji anatuma masasisho hadi lini. Kifaa kisicho na jina wala tovuti hakina wa kukisasisha.
• Kuhakikisha kifaa chenye redio au laini ya simu ni cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.
• Kuchukua risiti yenye jina la duka na namba ya kifaa.

Siku ya kufungwa:
• Akaunti ifunguliwe kwa simu na barua pepe ya mwenye kifaa, naye akiwepo.
• Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo, kwenye kamera na kwenye ruta pia. Liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu.
• Orodha ya watu wanaoweza kuona picha ikaguliwe kwenye programu. Asiyehitajika aondolewe.

Baadaye:
• Kusasisha programu kila inapotangazwa.
• Kubadilisha neno la siri fundi, mlinzi au mfanyakazi aliyelijua anapoondoka.
• Kutofanya shughuli za benki wala kubadilisha maneno ya siri kupitia waifai ya umma usiyoijua mwenyewe.
• Kabla ya kuuza au kutupa kifaa, kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani na kukiondoa kwenye akaunti. La sivyo, mnunuzi wa mitumba atapokea picha na siri pamoja na kifaa.

Maswali ya kujadiliwa katika chama, darasa au mkutano wa wapangaji

1. Katika nyumba au biashara yako kuna vifaa vingapi vinavyowasiliana na intaneti? Usisahau runinga na ruta.
2. Kwa kila kimoja, ni nani aliyefungua akaunti? Yuko wapi leo?
3. Kamera ya jengo lenu inaelekea wapi, na nani anaitazama?
4. Kampuni ikifunga seva kesho, utabaki na nini mkononi?

Anayeshindwa kujibu swali la pili ana kazi ya kufanya jioni hii hii, na haitamgharimu chochote. Afungue programu, aangalie jina la mwenye akaunti, na kama si lake, ampigie fundi simu wabadilishe pamoja. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya picha au data yapelekwe kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Udukuzi na wizi wa mtandaoni uripotiwe katika kituo cha polisi kilicho karibu.